Kumbikumbi si nyama: kisa cha mtoto aliyekataa mchezo

Niliitwa mwezi wa pili. Kituo chenyewe ni cha kulelea watoto mchana, kiko pembezoni mwa Jiji la Dodoma upande wa barabara ya Dar es Salaam, pale ambapo nyumba mpya za watumishi walioanza kuhamia na Serikali mwaka 2016 zimesogea hadi kwenye makazi ya wenyeji waliokuwa wakilima uwele na karanga kabla viwanja havijapimwa. Mwenye kituo ananifahamu tangu enzi za semina. Mimi ni mwalimu wa awali. Nimestaafu kufundisha, sijastaafu kuitwa. Alinipigia jioni.

"Mwalimu, nina mtoto hapa hachezi na wenzake. Ukimwingiza mchezoni anakwenda kusimama kwenye mti. Juzi amemng'ata mwenzake mkono, meno yote yakaonekana. Nimeshaandika barua, bibi yake akae naye kwanza akue."

Nilimwomba barua ikae droo kwa siku tatu. Akakubali, ila kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Jina la mtoto halina kazi hapa, nitamwita Shati la Kijani. Alianza Januari bila sare, na mpaka nilipofika alikuwa bado anavaa shati lake moja la kijani kati ya watoto 35 wenye fulana za njano. Miaka minne na nusu, anaishi na bibi yake, nyumbani wanaongea Kigogo. Kwenye daftari la kituo, mbele ya jina lake, mlezi alikuwa ameandika maneno matatu: mpole, hasikii, anang'ata. Nilikaa na maneno hayo kwa muda. Mtu anawezaje kuwa yote matatu ndani ya wiki sita?

Siku ya kwanza sikuuliza kitu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, saa ya simu mkononi na daftari gotini, nikasubiri kipindi cha michezo. Kinaanza saa nne kasorobo baada ya uji, na hilo lenyewe ni kosa dogo la kwanza: Dodoma saa nne jua la Februari limeshakaza, na kivuli pekee cha uwanja huo ni cha mwarobaini mmoja uliopo kona. Watoto 36, mwalimu mmoja, dada msaidizi mmoja.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kukimbia na ndimu kwenye kijiko. Mistari miwili, watoto 18 kila mstari. Kila mmoja anakwenda hadi kwenye tofali, anazunguka, anarudi, anampa mwenzake kijiko. Nilipima: kwa wastani sekunde 20, anayeangusha ndimu zaidi kidogo. Fanya hesabu. Mara 18 ni dakika sita. Katika dakika sita hizo mtoto anakimbia sekunde 20 na kusimama dakika tano na sekunde 40, juani, akiwa amebanwa kati ya mgongo wa mwenzake na kifua cha mwingine. Sasa mtoto wa miaka mitatu akisimama dakika tano atafanya nini? Atavuta fulana ya aliye mbele. Atakaa chini. Atamsukuma wa nyuma. Mwalimu alipiga kelele "mstari!" mara tisa, nami nikaandika tisa. Waliocheza kweli dakika hizo zote walikuwa wawili tu kwa wakati mmoja, na waliobaki walikuwa wanafundishwa kugombana.

Shati la Kijani hakuwa kwenye mstari. Alikuwa kwenye mwarobaini, ameegemea, kidole mdomoni.

Mchezo wa pili ulikuwa "nyama nyama". Anayesoma haya huku Dodoma anaujua, lakini kwa waliosahau: kiongozi anaita, watoto wanaitikia "nyama!", kisha anataja mnyama. Akiwa wa kuliwa, ng'ombe au mbuzi au kuku, unaruka juu na kuitikia. Akiwa asiyeliwa, simba au fisi au paka, unatulia kama jiwe. Ukiruka kwa fisi, umetoka, unakwenda kukaa pembeni. Mchezo unaendelea mpaka abaki mmoja.

Ni mchezo ninaoupenda kuliko yote ya rika hilo, nakiri mapema ili msomaji apime ninayoyasema. Hauhitaji kifaa wala uwanja, na unamdai mtoto jambo gumu kuliko linavyoonekana: mwili umeshazoea kuruka mara nne mfululizo, halafu akili inatakiwa iukamate hewani na kuuambia hapana. Watoto wa miaka mitatu wengi hawauwezi mkatazo huo. Wanaujua ukweli kwamba fisi haliwi; ukiwauliza wamekaa watakujibu. Miguu ndiyo imeshaondoka. Kuanzia minne hivi breki huanza kushika, na zinashika kwa kuzoezwa.

Sasa angalia mchezo ulivyowatendea. Mpaka dakika ya tano nusu ya watoto walikuwa wamekaa pembeni. Kati ya kumi wa mwanzo kutolewa, wanane walikuwa chini ya miaka minne. Yaani wale wanaohitaji kuzoezwa breki ndio waliopewa zoezi la dakika mbili, na wale ambao breki zao zimeshakomaa ndio waliopewa dakika 14 zote. Ni sawa na kumpa uji mwenye shibe. Na waliokaa pembeni hawakukaa: walitupiana mchanga, wawili wakalia, dada msaidizi akaacha mchezo kwenda kuamua.

Lakini kilichonishika siku hiyo kilikuwa kwenye mti. Nilikuwa namwangalia Shati la Kijani kwa pembe ya jicho, maana mtoto anayechunguzwa usoni hukauka. Kiongozi alipoita "nyama ya mbuzi!", vidole vyake vya miguu vilinyanyuka. "Ya kuku!" Visigino. "Ya simba!" Kimya, kidole kikazama zaidi mdomoni. Nilihesabu wanyama 11. Alipatia tisa. Wawili waliomshinda ni twiga na nyati, na kwa hao nadhani majina ya Kiswahili ndiyo yalimchelewesha, kwani aliwageukia wenzake kuona wanafanyaje kabla ya kuamua.

Kwa hiyo mtoto "asiyecheza" alikuwa anacheza. Alichokuwa amefanya ni kuhamishia mchezo mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia ametoka.

Mwaka 1932 Mmarekani Mildred Parten alichapisha matokeo ya kuwatazama watoto wadogo wakicheza, akagawa namna wanavyoshiriki: anayecheza peke yake, wanaocheza sambamba bila kuchanganyika, wanaoshirikiana, na kadhalika. Kati ya mafungu yake lipo moja ambalo walimu wetu hulipita haraka, la mtazamaji. Huyu hayupo mbali na mchezo. Amesimama karibu, anasikia, anafuatilia, pengine anaongea na wanaocheza, ila hajaingia. Kwenye vituo vyetu mtoto huyo huandikwa "hachangamani" siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe nimewaandika hivyo wengi nilipokuwa kijana, na sina njia ya kuwafuta.

Swali likabaki: alitolewa lini, na kwa nini asirudi? Watoto wanane wengine walitolewa mapema kila siku na kesho yake wakarudi bila kinyongo.

Jibu halikutoka kwa mwalimu wala kwenye daftari. Lilitoka jikoni. Mpishi wa kituo ni mama Mgogo wa makamo, na ndiye mtu pekee pale anayemsalimia mtoto huyu "Mbukwa" asubuhi. Nilikwenda kumsaidia kuosha vikombe, kwa kuwa nimejifunza kwamba jikoni ndiko kunakojulikana mambo ya kituo chochote. Nikamuuliza kama mtoto alikuja hivi.

"Wala. Wiki ya kwanza alikuwa anacheza sana, Mwalimu. Walimtoa kwa kumbikumbi."

Ilikuwa Januari, wiki ya pili. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaingia mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Aprili, na usiku ule ilikuwa imenyesha. Asubuhi uwanja ulijaa mabawa. Mwalimu alikuwa amemwachia uongozi wa mchezo binti mmoja wa miaka mitano na nusu, mchangamfu, ambaye wazazi wake walihamia na wizara. Binti akaita mbuzi, akaita ng'ombe, akaona mabawa chini, akaita kwa kutania: "Nyama ya kumbikumbi!"

Aliruka mmoja. Aliruka juu sana, mama mpishi alisema, "kama mtu aliyeitwa jina lake," na akaitikia peke yake uwanja mzima.

Walicheka wote. Kicheko chenyewe hakikuwa cha ubaya, watoto hucheka kitu kipya. Ila binti akasema, "Anakula wadudu!", na dada msaidizi, aliyekulia pwani, akamshika bega mtoto akamwelekeza pembeni: "Kumbikumbi si nyama. Umetoka." Mtoto alijaribu kueleza. Alieleza kwa Kigogo. Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mama mpishi, aliyekuwa ameshika mwiko mlangoni, naye hakudhani ni mahali pake kuingilia. Nilipomuuliza alikuwa anasema nini, aliweka kikombe chini. "Anasema bibi amewakaanga jana."

Yaani usiku ule wa mvua, bibi yake aliwakusanya kwenye mwanga wa taa, akawakaanga, wakala. Mtoto alikuwa na jibu la kweli kuliko mtoto mwingine yeyote uwanjani, bado lina chumvi mdomoni. Na kwa jibu hilo akatolewa.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka kwangu. Mtoto anayetolewa kwa sababu miguu imemponyoka anajua kosa lake. Hata wa miaka mitatu anacheka, anajua fisi haliwi. Huyu alitolewa kwa kuwa sahihi. Kanuni ilimwambia kwamba kinacholiwa kwao hakiliwi, na akifumbua mdomo kueleza hakuna sikio. Mimi mtu mzima nikitendewa hivyo kwenye kikao sitarudi kikao kinachofuata.

Kung'ata nako kulipata maelezo yake, na ni mafupi. Mwalimu alimtuma kiranja, mtoto wa miaka mitano, akamlete Shati la Kijani kwenye mstari wa ndimu. Kiranja akamvuta kifundo cha mkono. Mara ya kwanza alijinasua, mara ya pili akalia, mara ya tatu akang'ata. Kumtuma mtoto akamkamate mtoto mwenzake ni tabia ninayoichukia, na nilimwambia mwalimu hivyo bila kuzungusha: kazi ya kumleta mtoto mchezoni ni ya mtu mzima, na mtu mzima havuti mikono.

Nilimweleza mwenye kituo habari ya kumbikumbi ofisini kwake. Alinisikiliza, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. Nikadhani ananidharau. Akafungua droo, ileile yenye barua, akatoa kopo la plastiki lenye senene. Yeye ni wa Bukoba. Ndugu zake walikuwa wamemletea kutoka nyumbani alipokwenda Krismasi, na alikuwa anawabania mpaka Pasaka.

"Mwalimu, kumbe na mimi ningetolewa," alisema.

Barua ilibaki droo. Lakini kusema kweli, kucheka ofisini ni rahisi. Uwanjani ndiko kulikotushinda, tena mara kadhaa, na mengi yalikuwa mawazo yangu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa ukuti. Nilisema: mchezo wa duara, hakuna wa kutolewa, kila mtu ameshika mkono wa mwenzake, mnazunguka, mnatikisika, mnaanguka, mwisho. (Watoto wa Dodoma wanatikisika kama mnazi ambao hawajauona, lakini hilo halijawahi kumsumbua mtoto.) Tukafanya duara moja la watoto 36. Duara la watu 36 wa miaka mitatu hadi sita si duara, ni kamba. Upande mmoja ulikimbia, mwingine ukavutwa, katikati wakakatika, watatu wakaanguka vibaya juu ya changarawe. Shati la Kijani aliuangalia mkasa ule kutoka kwenye mti wake kwa utulivu mkubwa, na nadhani aliniona mjinga.

Kesho yake tulikata: maduara ya watoto sita, yaani maduara sita. Watu wazima tulikuwa watatu ukinihesabu na mimi. Maduara matatu yaliendelea, matatu yakavunjika ndani ya dakika moja. Hapo nikakumbuka nilichowafundisha wengine miaka yote na kukisahau mwenyewe: si lazima wote wacheze mchezo mmoja kwa wakati mmoja. Watoto 18 wakaenda chini ya mwarobaini kwenye mchanga, vizibo vya soda na vifuu, shughuli isiyohitaji kuongozwa. Waliobaki 18 ni maduara matatu, kila mtu mzima na lake. Baada ya dakika kumi, mnabadilishana. Mwenye kituo alilalamika kwamba kipindi kinakuwa kirefu. Kikawa kirefu. Na kikahamia saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya uji, kivuli kikiwa bado kinatosha.

Niliwajaribisha pia rede kwa mpira wa soksi, kwa sababu wasichana wakubwa wa mtaa huo wanaicheza jioni na watoto walikuwa wanaiomba. Sikufika nayo popote. Rede inataka kulenga, kukwepa na kuhesabu kwa pamoja. Ni ya watoto wa shule ya msingi. Nikaiacha siku hiyohiyo.

Mwewe na vifaranga ulitupa kazi zaidi lakini ukalipa. Mama kuku anatanua mikono mbele, vifaranga wamepanga nyuma yake kila mmoja ameshika kiuno cha wa mbele, mwewe anajaribu kumgusa wa mwisho. Kwa kawaida anayeguswa anatoka. Na nani huwa wa mwisho? Mdogo kuliko wote, kwa kuwa wakubwa wamekimbilia kushika mama. Kwa hiyo mchezo unaanza kwa kumla mdogo, kisha anayemfuatia. Tukabadili mambo mawili. Mstari usizidi vifaranga watano, na anayeguswa anakuwa mwewe, mwewe wa zamani anakwenda kushika kiuno cha mama kuku. Hakuna anayekaa. Tulitaka kumfundisha kila mtoto kushika kiuno badala ya shingo ya fulana, na hilo lilichukua wiki nzima, sidanganyi. Kabla ya kuanza, uwanja ulifagiliwa miiba, maana upepo huleta matawi ya migunga kutoka mapori ya jirani na nusu ya watoto walikuwa peku.

Siku ya nne ya mwewe, Shati la Kijani alikuja. Hakuitwa. Mama mpishi alikuwa amekaa kama mama kuku wa mstari mmoja, kwa ombi langu na bila kuvua aproni, na mtoto akaja akashika kanga yake kwa nyuma kama anayekwenda naye sokoni. Alikaa nyuma ya mama mpishi raundi tatu. Raundi ya nne mwewe alimgusa, na kwa kanuni mpya ikawa zamu yake kuwa mwewe. Alisimama. Nilishika pumzi. Akaondoka, akarudi kwenye mti.

Hakuna aliyemfuata. Nilikuwa nimewaomba watu wazima hilo tu: asivutwe, asiitwe, asisifiwe. Kesho yake alirudi tena kwenye kanga, akaguswa, akaenda mtini. Siku ya tatu akaguswa, akawa mwewe, akawakimbiza wenzake wawili mpaka nje ya uwanja na ikabidi dada amfuate barabarani.

Nyama nyama tuliuacha mwisho, kwa makusudi, kwa kuwa ndio uliokuwa na kidonda. Mwalimu alitaka tuondoe tu kumbikumbi. "Tuwataje wale wa kawaida, Mwalimu, tusilete utata." Nilimwelewa, ila wa kawaida ni nani? Chukua nguruwe. Dodoma nyama ya nguruwe inauzwa kila mtaa, na kituoni nusu ya watoto ni Waislamu. Ukimtaja, nusu wataruka na nusu watatulia, na wote wako sahihi. Sungura je? Kituo kile kina mtoto ambaye kwao sungura ni mfugo wa kubembelezwa, na mwingine ambaye kwao ni mboga ya Jumapili. Ukianza kuondoa kila mnyama mwenye utata utabaki na ng'ombe, mbuzi na kuku, na watoto watakuwa wameshahifadhi majibu kabla ya kipindi kuisha.

Tulichofanya ni kugeuza utata kuwa sehemu ya mchezo. Ukiruka kwa mnyama ambaye wengi wametulia, hatukuulizi kwa nini umekosea. Tunakuuliza: "Mnampikaje kwenu?" Ukisema wanavyopikwa, wote tunaruka mara moja kwa ajili yako. Ukiwa ulirukia fisi kwa bahati mbaya utacheka mwenyewe, useme hapana, mchezo uendelee. Hakuna wa kutoka. Kiongozi anabadilika kila baada ya wanyama watano, na mtoto mdogo akiwa kiongozi anasimama na mtu mzima wa kumnong'oneza jina likimpotea.

Dada msaidizi alikuwa na wasiwasi wa haki: mchezo usio na mshindi si utawachosha? Nilimsimulia habari ya Jean Piaget, Mswisi, ambaye mwaka huohuo 1932 alichapisha uchunguzi wake wa watoto na mchezo wa gololi. Aliwaona wadogo wakicheza pamoja huku kila mmoja akifuata kanuni zake, na ukiwauliza nani ameshinda, wote wameshinda. Wakubwa wa miaka saba na kuendelea ndio walioanza kushindana kwa kanuni moja. Kiu ya mshindi mmoja kwa watoto wa miaka minne huwa mara nyingi ni yetu sisi tuliosimama pembeni. Dada alinitazama kwa heshima akasema sawa Mwalimu, kwa sauti ya "tutaona". Akaona. Siku ya kwanza ya kanuni mpya walidai mchezo urudiwe mara tatu.

Na siku hiyo mwenye kituo alileta kopo lake. Hatukupanga hivyo, nilidhani anapita kwenda stoo. Alisimama katikati akaita mwenyewe: "Nyama ya senene!" Kimya. Yeye mwenyewe akaruka, mwili wake wote, kopo likalia. Watoto wakapiga kelele. "Mnawapikaje kwenu?" akauliza binti wa wizara, ambaye anapenda kanuni kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Mwenye kituo akaeleza: unachuma mabawa na miguu, unakaanga kwa mafuta yao wenyewe, unatia chumvi. Akafungua kopo. Wachache walionja, kwa idhini tuliyokuwa nayo mdomoni tu, na hilo nalikiri kuwa kosa. Kituo hakipaswi kumlisha mtoto kitu kipya bila mzazi kujua.

Shati la Kijani alionja wawili. Kisha akamwambia mama mpishi jambo kwa Kigogo, naye akatutafsiria kwa sauti: "Anasema wa bibi yake ni watamu zaidi."

Kulikuwa na kikao cha wazazi mwishoni mwa Machi. Baba mmoja alisimama akasema analipa ada mtoto asome, si arudi na vumbi hadi masikioni. Jirani yao anasoma kituo kingine na ameshafika irabu zote. Hoja hiyo haikunishangaza, naisikia kila mwaka. Mwenye kituo alimjibu kwa nyaraka: mtaala wa elimu ya awali wenyewe umejengwa juu ya michezo, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa hapahapa Dodoma Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali kati ya nguzo zake tano. Baba hakutikisika. Mimi nilimwomba asimame na kucheza nyama nyama na wazazi wenzake, dakika mbili. Alirukia punda. Walicheka, akacheka, akakaa. Sidhani alibadili msimamo, lakini ada amelipa.

Bibi wa mtoto alikuja pia, amejifunga kanga mbili, akakaa mwisho. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mjukuu wake anajua kucheza. Alinitazama kama ninayemweleza kwamba maji yanalowesha. "Marahaba. Kwani nani alisema hajui?"

Sikumtajia barua.

Ninapoandika haya imepita Pasaka. Shati la Kijani sasa ni Fulana ya Njano, ingawa mimi nitaendelea na jina la zamani. Hajang'ata tena. Amesukuma mara mbili, zote akiwa amebanwa mlangoni wakati wa kunawa, na mlango huo ni mwembamba kweli. Kwenye kundi la watoto sita anacheza mwanzo hadi mwisho. Kwenye shughuli ya watoto wote, kama siku ya kuimba kwa pamoja, bado anakwenda mtini, na sasa huwa hayuko peke yake: wadogo wawili wa miaka mitatu wamegundua kwamba kuna kivuli huko. Mlezi amefuta maneno matatu kwenye daftari na kuandika mengine ambayo sikuonyeshwa.

Mchezo wa ndimu umebaki, kwa mistari sita ya watoto sita. Bado kuna kusubiri, ila si kwa kugombana.

Wiki iliyopita mwenye kituo alinitumia ujumbe wa sauti aliopokea kutoka kwa mama wa yule binti. Mama yule alikuwa anauliza, kwa adabu na kwa wasiwasi, kituo kinawalisha nini watoto, kwa kuwa binti yake amekataa maini mezani na kusema anataka kumbikumbi wa kukaanga kama wa bibi ya rafiki yake. Nilimuuliza mwenye kituo amejibu nini.

"Nimemwambia asubiri mvua. Senene wamekwisha."